Kuku wa Kukombolea Kidole

Kicheko kilichotoka kinywani mwa Ansgar kilikuwa changu.

Sisemi kilifanana na changu. Kilikuwa changu, kile kinachoanzia puani kana kwamba mtu anataka kupiga chafya, kikateremka kifuani, kikaishia kwa kupiga paja mara mbili. Mama yangu alicheka hivyo kule Sikonge, na bibi yangu kabla yake. Sasa nilikisikia kwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye suti ya kijivu, saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha mtihani cha chuo chetu cha biashara.

"Endelea," Sangiwa alimwambia. Sangiwa ndiye mkuu wa idara, mwanamume nadhifu anayepangusa viganja kwa kitambaa kila akishasalimiana na mtu.

Ansgar akaendelea. Ulikuwa mtihani wake wa mwisho katika somo langu, Mawasiliano baina ya Tamaduni, ambalo nimelifundisha miaka ishirini na sita. Mtihani ni wa vitendo: mwanafunzi anapelekwa na kampuni mahali asipopajua, kwa watu asiowajua, na anatakiwa arudi na ridhaa. Akawasha picha ukutani. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati jipya, uani watu wamejaa, wanaume wana kofia, wanawake wamejifunga kanga.

"Mihugwe, huku Uzaramoni," Ansgar alisema. "Msiba wa Mzee Pazi Kondo. Kampuni iliyonipeleka inataka kilima chao ijenge minara ya umeme wa joto la jua. Familia ilikataa mara tatu, na kila mara bangili ilisoma nyekundu."

Niieleze hiyo bangili, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Tangu sheria ya ridhaa ipite, mkataba si saini tena. Mwenye mali anavishwa bangili, anaweka kidole gumba kwenye kioo, na bangili inausoma moyo wake. Akiwa na hofu au mashaka, taa nyekundu, biashara hakuna. Akiwa ametulia, au anacheka, taa ya kijani, na hapo hata mahakama haikusaidii. Waliotunga sheria walidhani wamemlinda mnyonge. Kumbe waliwafundisha wenye kampuni kitu kimoja tu, kwamba dawa ya mnyonge ni kumchekesha.

Kwenye picha, Ansgar alikuwa amevaa kanzu ya marehemu. Aliinyakua kambani. Alikuwa amelala kizingitini, miguu ndani, kichwa nje, amekumbatia sufuria ya watu.

"Maiti haitoki!" alikuwa anapiga kelele kwa lafudhi yangu ya Kitabora. "Pazi alikula mihogo yangu, hajanilipa! Wazaramo nyie, kazi yenu ngoma tu, hata kufa mnakufa kwa madaha! Haitoki mpaka nikombolewe!"

Uani watu wakaangua kicheko, machozi bado yako mashavuni. Ndivyo ilivyo kwetu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akija msibani, anamtukana marehemu, anapora vitu, anazuia maiti, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanacheka, wanapumua, wanamkomboa kwa kuku au sahani ya wali, naye anarudisha alichochukua. Nimewaona watu waliokuwa wanaelekea kuwa vichaa kwa majonzi wakarudishwa duniani na mtani mmoja mwenye mdomo mchafu.

Mama mmoja mtu mzima akatokea mlangoni. "Nikukomboe kwa nini, mtumwa wangu we?"

"Nipe shamba la kilimani, miaka tisini na tisa!" Ansgar alijibu kutoka pale chini, na bangili akaizungusha mkononi mwa yule mama kwa mzaha kama bwana harusi. "Kidole gumba tu hapa, Bi mkubwa, mwenzio nipate mahali pa kutua mzigo!"

Yule mama alicheka mpaka akashika mlango. Akaweka kidole. Taa ikawa kijani, kijani ya jani la mgomba.

Ansgar akazima picha. Sangiwa akapiga makofi.

"Walijua ni mkataba?" nikauliza.

"Bangili ilisoma kijani, Dokta."

"Sikukuuliza bangili. Nimekuuliza walijua?"

"Niliwaambia, Dokta. Shamba, kilimani, miaka tisini na tisa. Yote yamo kwenye rekodi." Alinitazama kwa macho ya mtoto aliyejifunza vizuri. "Sikusema uongo hata neno moja."

Na kweli hakusema. Mtani anaomba mke wa mtu, anaomba nyumba, anaomba jicho la kushoto, na anapewa vyote kwa mdomo. Ni nani kwenye dunia hii angedhani anachukua kweli?

"Tisini na sita," Sangiwa alisema, akaniletea fomu. "Weka saini, Dokta Nyamizi. Mche wako huo umetutoa kimasomaso."

Nilimwambia ninaumwa tumbo. Nikaenda chooni, nikatapika chai, nikatapika na andazi, nikabaki nimeinamia sinki nikiwa nimeshikilia bomba kwa mikono miwili. Kwenye kioo niliona mdomo wangu. Nikautemea mate.

*

Nilijitolea mwenyewe, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Zamani tulifundisha kwa mdomo. Ukiingia kwa mtu vua viatu, usikatae maji, usitaje biashara kabla hujauliza wagonjwa. Wanafunzi waliandika, wakasahau. Ndipo ikaja miche. Mtu mwenye adabu fulani aliyokua nayo analazwa kwenye mashine siku tatu, na ile njia yake ya kichwani, ya kujua lini acheke, lini ainamishe macho, lini ashike mkono wa mtu, inaoteshwa nyuma ya sikio la mwingine. Yule wa kwanza anaitwa shina. Wengine wote ni miche yake. Walikuja na maneno matamu: watani wanaisha, vijana hawajui tena, Dokta tusaidie utani usipotee. Nami kwa ujinga wangu na majivuno yangu nikalala kwenye mashine huku nikisimulia vituko vya msiba wa mjomba. Nilidhani naweka kitu kabatini. Kumbe nilikuwa nawakabidhi wezi funguo.

Wanafunzi mia mbili na kumi wana mche wangu. Tangu siku hiyo nilijiuliza ni misiba mingapi.

*

Wiki tano baadaye, saa tano kasorobo, mlinzi alinipigia simu kwamba kuna mama getini ana kuku, na hataki kumwacha kuku.

"Mlete na kuku wake," nikasema.

Aliingia polepole, mrefu, mkavu, kanga mbili za msiba, jogoo mweupe kwapani amefungwa miguu kwa kitambaa. Nilimtambua kabla hajaketi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Naitwa Havijawa binti Kondo, dada yake marehemu Pazi," alisema. "Natafuta kijana anasoma hapa, Mnyamwezi, anacheka hivi." Akajaribu kukiiga kile kicheko. Alikipatia.

"Mimi pia Mnyamwezi, Bi mkubwa."

Akanitazama upya, kuanzia juu mpaka chini. "Ndiyo maana chumba kinanuka jasho la mizigo!"

"Kinanuka Mzaramo aliyeingia," nikajibu kabla sijafikiri. "Leo ngoma hakuna, mmekumbuka kuoga?"

Tukacheka wote wawili. Jogoo akashtuka. Kwa muda ule mfupi nilisahau kila kitu. Sijui kama aliyewahi kuishi bila utani anaweza kuelewa. Mtu humjui, hakujui, na kwa neno moja la matusi mnakuwa ndugu.

Kisha akamweka jogoo mapajani na kumlainisha manyoya.

"Nimekuja kukomboa kidole changu," alisema.

Niliweka kalamu chini.

"Yule kijana siku ile alichukua vitu vitatu. Kanzu ya Pazi, sufuria yangu, na kidole changu. Kanzu na sufuria nilimkomboa kwa wali, akaviacha mlangoni, vizuri tu. Kidole hakurudisha. Nikasema amesahau, vijana hawa, atarudi arobaini. Sasa juzi wamekuja watu na mashine. Wanapiga vigingi. Kimoja wamekipiga pembeni ya kaburi la Pazi, hatua mbili." Alionyesha kwa vidole viwili. "Nikawaambia, wanangu, ngojeni kwanza, mimi na mtani wangu hatujamalizana. Wakanionyesha karatasi. Wakacheka."

"Bi Havijawa..."

"Siwalaumu, hawajui utani. Na makosa ni yangu, nilichelewa kukomboa. Kuku huyu ni mkubwa, nimemfuga mwenyewe. Unadhani hatoshi?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Angenitukana, angenipiga kwa ile ndala yake, ningevumilia. Lakini kuomba radhi kwa kuchelewa! Mtu ameporwa kilima cha mama zake, shamba linalopita kwa wanawake wa ukoo tangu kabla yeyote aliye hai hajazaliwa, na bado anadhani kosa ni lake la adabu.

"Yule kijana si Mnyamwezi," nikamwambia. "Kabila lake silijui, na hata yeye sidhani kama amewahi kuuliza."

"Alitania."

"Amewekewa utani wa mtu mwingine kichwani. Kwa mashine. Alitumwa na hao wenye vigingi."

Aliacha kumlainisha jogoo. Nje wanafunzi walikuwa wanapita wanasalimiana kwa Kijapani, na mikono wameiweka mapajani sawasawa kabisa.

"Alitania kwa kinywa cha nani?" aliuliza hatimaye.

Ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo nikiwa tayari kudanganya.

"Changu," nikasema.

Bi Havijawa alitikisa kichwa kidogo, taratibu. Akasimama. Akamweka jogoo juu ya meza yangu, juu ya fomu ya Ansgar niliyokuwa sijaitia saini, akarudi nyuma hatua moja.

"Basi aliyechukua ni wewe," alisema. "Kuku ndiye huyo. Nirudishie kidole changu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemalizia jambo lililoanzwa vizuri. Kisha akaniaga, na mlangoni akageuka: "Na umwage maji hapo, pananuka." Huo nao ulikuwa utani. Bado alikuwa ananitania, Mungu wangu.

*

Njia ilikuwepo moja, na niliijua, maana niliisoma kwenye karatasi siku nilipolazwa kwenye mashine. Shina likijing'oa, kila ridhaa iliyochukuliwa kwa miche yake na ambayo haijatimiza siku arobaini inabatilika yenyewe. Kwa Bi Havijawa, siku ile ilikuwa ya thelathini na nane tangu aweke kidole.

Lakini shina haling'olewi bila mizizi. Fundi wa maabara alinieleza bila kuniangalia usoni: mche unajilisha kwenye njia ile ile iliyo kichwani mwangu, na njia isipochomwa, mche unaota tena ndani ya wiki. Wakichoma, miche yote inakufa, na mimi sitaweza tena.

"Sitaweza nini?"

"Kutania, Dokta. Utaelewa maneno. Utajua kwamba ni mzaha. Hautakuingia tu."

Sangiwa alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Unaua kazi ya watu mia mbili kwa ajili ya kilima cha mihogo?"

"Kina kaburi."

"Kila mahali kuna kaburi! Nyamizi, sikiliza. Tunafundisha mawasiliano. Kijana aliwasiliana. Walimwelewa, akawaelewa, wakacheka, ridhaa ikapatikana. Ulitaka nini zaidi?"

Nilimtazama alivyokuwa anapangusa viganja na kile kitambaa. Nikasonya, msonyo mrefu wa kutoka moyoni, na nikashuka ngazi.

Chini nilimkuta Ansgar. Alikuwa amesikia. Alisimama wima kama askari, uso umemshuka.

"Dokta, nimekosa wapi?" aliuliza. "Niambie tu. Nilifanya vile vile mlivyonifundisha."

Nilitaka kumchukia, ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa anasema kweli. Nilimpa mdomo wangu na sikumpa sababu ya kuwa nao.

"Ulichukua, hukurudisha," nikamwambia.

"Hakuna aliyeniambia kwamba hurudishwa."

Nilipekua kichwani mihadhara yote ya muhula. Hakuna. Kwenye slaidi zangu niliandika: *utani hufungua mlango*. Sikuandika kwamba aliyeingia lazima atoke.

*

Nilikwenda nyumbani kula mchana. Mume wangu, Mkwega, ni Mzaramo, na hapo ndipo kisu kilipofikia mfupa. Tumeoana miaka thelathini na moja na sidhani kama tumewahi kuambiana neno la mapenzi kama watu wengine. Aliponiposa alimwambia baba yangu kwamba amekuja kuchukua mpagazi wake aliyetoroka. Nilipojifungua alisema mtoto ana shingo fupi, ni ya kubebea mizigo. Nilipomzika mama, alilala kizingitini.

"Mbona leo mpagazi amerudi na kuku badala ya mzigo?" aliuliza. Alikuwa amepika dagaa.

Nilimweleza yote huku jogoo amelala chini ya meza. Mkwega alisikiliza, kijiko hewani.

"Kwa hiyo utanyamaza?" alisema. "Miaka thelathini na moja namwomba Mungu huyu mwanamke anyamaze. Ngoma niipige leo au kesho?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia, nikapiga paja mara mbili. Alinitazama wakati nacheka, akaweka kijiko chini.

"Cheka tena," alisema.

"Sema kitu basi."

Alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akitafuta. "Sina," alisema. Akanivutia sahani yangu karibu, akanichagulia dagaa wakubwa. "Nenda kamrudishie dada yetu kidole chake. Usipoenda, kila nikikutania nitakuwa naona kile kioo cha kuwekea kidole."

*

Mashine ilichukua dakika kumi na mbili. Haikuuma. Nilisikia ladha ya sarafu mdomoni, na harufu kama nywele zilizoungua, basi.

Saa nane na nusu bangili zote zilizosomwa kwa mche wangu ndani ya siku arobaini zikageuka nyekundu kwenye daftari la serikali, kumi na tisa kwa jumla. Misiba kumi na tisa. Sangiwa alisimamishwa kazi wiki ileile, wala si kwa sababu ya misiba, ni kwa hasara. Ansgar nilimwandikia sifuri, na chini yake nikajiandikia mimi sifuri nyingine, kwa kalamu nyekundu, na fomu nikaituma hivyo hivyo.

Bi Havijawa alinipigia simu jioni ya siku ile ile. Vigingi vimeng'olewa. Alipiga vigelegele kwenye simu, kisha akasema, "Haya mtumwa wangu, umenirudishia kidole, lakini kimerudi kimekonda, ulikuwa unakilisha nini?"

Nilijua ni utani. Nimeandika kitabu cha kiada juu yake, naweza kukupa asili yake na aina zake. Nikamwambia, "Samahani, mama. Kama kuna tatizo lolote na kidole, onana na daktari."

"Aa," alisema polepole. "Kumbe ndivyo ulivyolipa." Kisha akaniombea dua, kwa sauti ya kumwombea mgonjwa, akakata.

Mkwega alikuwa ananingoja getini. Jogoo alikuwa miguuni pake, amefunguliwa kile kitambaa. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani. Aliponiona alijinyoosha, akaweka mikono kiunoni, akatabasamu kwa meno yote.

"Mpagazi! Umetua mzigo?"

Nikasikia tumbo linanipanda, kile kile kichefuchefu cha siku ya mtihani. Mtu mzima amesimama barabarani ananiita mpagazi, watu wanapita.

"Tafadhali usiniite hivyo," nikamwambia. "Si heshima."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni, likingoja. Kisha akashusha mikono, akamwokota jogoo, akasogea pembeni kunipisha.

"Karibu ndani, mama," alisema. "Pole na safari."